Ngoma ya Quinga

Nacala, 9 Mei 1993

Kaka Issufo,

Salamu aleikum. Natumaini u mzima, na wifi Rabia, na mjukuu wangu Muanema. Sisi hatujambo. Tumefika Nacala sote ishirini na wawili, pamoja na wapiga ngoma wetu wanne ambao wanakula kama ndio wanaocheza. Goti langu la kushoto limevimba tangu Monapo, lakini usimwambie wifi, ataniletea dawa zake za kunuka.

Mwambie Muanema nimemnunulia shanga, zimo humu kwenye bahasha. Jino lake lishang'oka?

Hapa kabla hatujacheza walitutembeza kwenye maonyesho ya bandari. Nikakukumbuka sana. Nanga yenye kutu, picha za Wareno wenye kofia, sahani zilizovunjika, na kila kitu kina kikaratasi chake. Nilisimama mbele ya kiti kimoja, kimeandikwa mwaka, mti, na mahali kilipotengenezwa. Nikamwuliza mtunzaji, nani alikuwa akikikalia? Akasema hilo halijulikani. Nikamwambia kaka yangu anafanya kazi kama yako kule Kisiwani, miaka kumi na minane sasa, naye ana ugonjwa huohuo. Akacheka kwa adabu.

Watu walijaa uwanjani. Tangu amani itangazwe watu wanakwenda kwenye kila sherehe, hata ya kufungua kisima. Tulicheza tufo kwa kupiga magoti kama kawaida, na uzuri wa kupiga magoti ni kwamba nyuso za waliokaa mbele zinalingana na uso wako. Nilizitazama zote. Mwisho nikamwomba mtangazaji aseme kwenye kipaza sauti: Sifa Momade wa Kisiwani, mama yako yuko hapa jukwaani. Alisema mara tatu. Nilingoja hadi wakakunja turubai.

Sikukwambia nilipoondoka kwamba nitafanya hivi. Basi sasa unajua. Nitafanya hivi kila mji.

Tungekuwa na ngoma ya bibi yetu wa Quinga tungewatia aibu hawa wa Nacala. Zetu zinalia kama debe. Lakini ile iliungua vitani na Quinga yote, na mwenyewe akafia porini.

Dada yako,
Ancha

&nbsp;

Kisiwani, 3 Juni 1993

Mdogo wangu Ancha,

Waaleikum salamu. Barua yako imechukua wiki tatu kutoka Nacala, mtu angeweza kutembea kwa miguu. Idi imepita salama. Tulichinja mbuzi mmoja na jirani. Jino la Muanema limeng'oka, amelitupa juu ya paa la makumbusho, kwa hiyo sasa nalo ni mali ya serikali.

Kazini wageni wameanza kurudi. Wiki iliyopita wamekuja Waswidi wawili, warefu mno, mmoja akagonga kichwa kwenye mlango wa kanisa. Ninawavalisha zile kandambili za kitambaa ili wasikwaruze sakafu, ninawapitisha vyumba vyote, machela ya gavana, kitanda cha gavana, meza ya gavana. Yule mrefu zaidi alitaka kufungua droo ya meza. Ikabidi nimshike mkono. Imeandikwa pale, usiguse, kwa lugha mbili.

Ancha, kuna jambo sharti nikwambie. Ussene amekuja kwangu mara mbili. Ni mume wa Sifa, na bado ni kijana. Miaka minne analala peke yake, anataka kuoa, na hawezi kuoa kwa moyo safi huku mkewe hajulikani kama ni marehemu au yu hai. Ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mjomba. Nafikiri wakati umefika wa kumsomea Sifa dua na kuufunga msiba. Moyo wangu unaniambia hayupo tena.

Usichoke sana na goti lako. Na usimtaje mtoto kwenye vipaza sauti kila mji, watu watakucheka.

Kaka yako,
Issufo

&nbsp;

Pemba, 27 Juni 1993

Kaka Issufo,

Salamu aleikum. Hapa Pemba yetu ya bara tulikuja kwa sikukuu ya uhuru. Vikundi tisa. Wale wa Memba walijifunga nguo mpya za kapulana za waridi, sisi tulivaa zile za mwaka themanini na nane, za kijani zenye korosho za manjano. Zimepauka lakini bado tunazo, wote isipokuwa mmoja. Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa wenyeji, nawe unajua majaji wanakula kwa nani.

Nilikwenda pia kwenye nyumba yao ya sanaa, kuona vinyago vya Wamakonde. Vinatisha, nimevipenda. Ulipaswa kuwa nami.

Sasa nikwambie. Mtangazaji alipotaja jina la Sifa, msichana alisimama katikati ya watu.  Alikuja anasukuma watu, mwembamba, ana kovu shingoni, amevaa shati la mwanamume. Alipofika karibu nikaona si yeye. Hakufanana naye hata kidogo.

Nikamwuliza, "Wewe ni Sifa?"

Akasema, "Hapana, bibi. Mimi ni Laurinda. Lakini nimesikia mama yuko jukwaani."

Alichukuliwa na wale waasi wa porini akiwa na miaka tisa. Hajui kwao ni wapi, anakumbuka tu kisima na mbwa. Nilimkalisha nikampa wali na matapa ya kisamvu, akala kwa mikono miwili. Aliondoka na kapulana yangu moja. Zubeda wa kikundi chetu aliniambia nimchukue kabisa. Sikuweza. Mungu anisamehe, kila nikimtazama nilikasirika kwa kuwa si mwanangu.

Unasema moyo wako unakwambia. Wangu hauniambii kitu, unanisuta tu. Sijapata kulisema hili. Asubuhi ile ya Oktoba, kabla Sifa hajaondoka, tuligombana. Alitaka kuongoza wimbo wa Maulidi. Nikamwambia sauti yake ni ya kuuzia samaki. Akajifunga kapulana yake ya kijani, akambusu mtoto, akatoka bila kuniaga. Miaka minne najua mwanangu alipanda gari la kifo kwa sababu alinikimbia mimi. Kama yu hai, ndiyo sababu harudi. Nazunguka miji yote hii ili nimwambie mara moja kwamba sauti yake ni nzuri.

Wewe siku ile ulikuwa kwenye daraja la kwenda bara, ulisema ulimwona akipanda lori. Alikwambia anakwenda wapi? Sijapata kukuuliza, niliogopa jibu. Sasa nakuuliza.

Dada yako,
Ancha

&nbsp;

Kisiwani, 15 Julai 1993

Mdogo wangu,

Waaleikum salamu. Sote wazima. Muanema amejifunza kusaga mti wa musiro kwenye jiwe lako, amejipaka weupe uso mzima na kumpaka paka. Rabia anakusalimu. Paa la chumba cha tatu linavuja, nimehamisha viti.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Usijilaumu. Wasichana hugombana na mama zao kila siku na hakuna anayekufa kwa ajili hiyo.

Nimezungumza na wazee wa msikiti. Tumepanga dua iwe Ijumaa ya pili baada ya Maulidi, tarehe kumi Septemba. Nawaomba mmalize ziara Nampula, kisha mrudi Kisiwani moja kwa moja. Nasikia mna mwaliko wa Angoche. Achaneni nao. Barabara ya kule bado ina mabomu ya kutega, na hicho wanachokiita nyumba ya maonyesho ni chumba kimoja cha mabati chenye takataka. Hakuna cha kuona.

Kaka yako,
Issufo

&nbsp;

Nampula, 2 Agosti 1993

Kaka,

Salamu aleikum. Barua yako nimeipata. Nafurahi kusikia habari za paka.

Nimekuuliza jambo moja, ukanijibu kuhusu paa.

Sikulaumu, huenda umesahau, ni miaka minne. Lakini wewe husahau? Wewe unayejua gavana yupi aliletewa kioo kipi na kwa meli ipi?

Angoche tunakwenda. Wametualika kwa Maulidi na tumekwisha kukubali. Mabomu waliyatoa mwezi wa nne, dereva anapita kila wiki. Na hicho chumba cha mabati kinasimamiwa na mwanamke, Bi Zulfa, nasikia amekusanya ngoma za tufo za pwani nzima, hata zilizookotwa vitani. Nataka kuziona. Labda nitapata moja yenye sauti kama ile ya bibi yetu. Umewahi kuwasiliana naye? Nyinyi wa makumbusho si mnajuana?

Kuhusu tarehe kumi, sijakataa. Nipe mji huu mmoja wa mwisho. Nikimaliza Angoche na hajatokea mtu, nitarudi nikae kitako, mfunge msiba, Ussene aoe.

Ancha

&nbsp;

Kisiwani, 12 Agosti 1993

Ancha,

Usiende Angoche. Nakuomba kama kaka yako, nami sikuombi mara nyingi.

Muanema ana homa kali tangu juzi. Haamki kitandani, anakuita. Barua hii nampa dereva Salimo aikimbize. Ukiipata Nampula geuka siku hiyohiyo.

Issufo

&nbsp;

Angoche, 24 Agosti 1993

Issufo,

Salamu aleikum.

Salimo alinikosa Nampula, amenikuta hapa jana. Kabla sijaifungua barua nilimuuliza habari za nyumbani. Akasema wote wazima, na Muanema ndiye aliyemkimbilia darajani na kikapu cha chakula siku anaondoka, mpaka akaangusha yai. Ndipo nikasoma kuhusu homa. Kama hukuwa unajua, mtoto wa watu haombewi ugonjwa.

Nilikuwa nimekwisha kuingia kwa Bi Zulfa siku tatu kabla. Si takataka. Ni chumba cha mabati kweli, lakini amekifagia, na ngoma amezitundika ukutani kumi na moja. Ya nane ni ya bibi wa Quinga.

Sikuijua kwa sauti. Niliijua kwa tepe. Wewe huzijui vizuri, hukuruhusiwa kuishika. Kila mwanamke wa nyumba yetu anayekabidhiwa ngoma ile hukata utepe wa nguo yake akaufunga kwenye ukingo. Ule mweusi wa bibi mkubwa ulikuwepo. Wa bibi wa Quinga, wa nukta nyekundu, ulikuwepo. Halafu mbele yake ukafuata mpya, wa kijani, una nusu ya korosho ya manjano.

 Bi Zulfa akaleta kiti, chake mwenyewe, si cha maonyesho.

Nikamwambia ile ni ngoma ya kwetu. Hakunibishia. Akasema, "Nimewasubiri miaka mitatu na nusu." Akaishusha, akaigeuza. Kwa ndani, kwenye mbao, imebandikwa karatasi yenye muhuri. Unajua nasoma polepole tangu darasa la watu wazima, lakini mwandiko huo ndio niliofundishiwa kusoma, maana wewe ndiye uliyenifundisha. "Mwenye karatasi hii amebeba mali ya makumbusho kutoka Quinga. Tafadhali apewe nafasi katika msafara wa jeshi. 3 Oktoba 1989. Issufo Chale."

Basi hakunikimbia. Ulimtuma.

Nimeelewa yote nikiwa nimekaa kwenye kiti kile. Ngoma ya bibi haitolewi mlangoni na mwanamume. Wewe uliitaka kwa chumba chako, hukuweza kwenda mwenyewe, na hukuniomba mimi kwa sababu ulijua ningekataa, barabara ile ilikuwa inaua watu kila wiki. Ukamwomba mtoto. Msichana wa kwetu atamkatalia nani mjomba wake?

Bi Zulfa alinieleza yaliyobaki. Sitaki kuyaandika lakini nitayaandika, ili uyasome mara ya pili. Msafara ulishambuliwa ukiwa unarudi, karibu na Liúpo. Sajenti aliyeleta ngoma alisema aliikuta chini ya mwanamke kijana mwenye kapulana ya kijani, amelala juu yake kama anaikinga na mvua. Walimzika hapohapo, kilomita tatu kabla ya mji, chini ya mkorosho ulioungua upande mmoja. Hawakujua jina lake.

Nasema mara ya pili kwa sababu Bi Zulfa alikuandikia haya yote, Januari ya mwaka tisini, kwa anwani iliyo kwenye muhuri. Alikuuliza jambo moja tu, jina la mbebaji, ili awekewe kibao. Alituma kwa rejesta. Kile kijikaratasi cha kupokelewa bado anacho, amenionyesha. Sahihi yako umeichora vizuri, na mkia wake.

Miaka mitatu na nusu. Nilikuwa nikija kwako nalia kwamba nilimwambia mwanangu sauti yake ni ya kuuzia samaki, ukanimiminia chai. Nimepiga magoti mji baada ya mji, goti limevimba, nikimwita kwenye vipaza sauti, na wewe ukaniambia watu watanicheka. Nilimwacha yule Laurinda arudi barabarani kwa sababu nilikuwa nangoja wangu. Hilo nalo nitalijibu mimi, lakini hukunisaidia.

Ngoma sijaichukua. Bi Zulfa alinipa, nikakataa. Utepe wangu sijaufunga, wa Sifa ndio wa mwisho. Nimeomba kitu kimoja, abadilishe kikaratasi. Kilikuwa kimeandikwa: "Ngoma ya tufo. Mwenyewe hajulikani." Sasa kimeandikwa hivi, nimekisimamia mwenyewe: "Ngoma ya wanawake wa Quinga. Ilibebwa na Sifa Momade, miaka kumi na tisa. Aliyemtuma ni mjomba wake, Issufo Chale wa Kisiwani." Wewe umewaandikia watu vikaratasi maisha yako yote. Hicho ni chako.

Tarehe uliyoiweka naikubali. Ijumaa tarehe kumi, lakini si Kisiwani. Nitakuwa Liúpo, chini ya mkorosho, pamoja na wanawake wote wa kikundi. Alizikwa na wageni, bila sanda, nasi tutamzika upya. Lete sanda. Mlete Ussene na mtoto. Kwetu anayeshuka kaburini kumpokea mtoto wa mwanamke ni kaka wa mwanamke huyo, na kwa bahati mbaya sina kaka mwingine.

Mama Sifa

&nbsp;

Kisiwani, 5 Septemba 1993

Mama Sifa,

Salamu sikuandikii, utaniambia siku hiyo kama bado naruhusiwa kukusalimia.

Umeyaelewa sawasawa, sina cha kurekebisha. Nilikuwa nimemwahidi mkuu wangu chumba cha ngoma. Hakuniagiza, nilijitolea mwenyewe, ili nitoke kwenye kufagia nipewe funguo. Funguo nilipewa. Sifa nilimkuta darajani asubuhi ile amekasirika, nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia akikuletea ngoma ya bibi utamwachia aongoze wimbo. Alifurahi sana. Aliniuliza swali moja tu.

"Mama anajua?"

Nikamwambia, "Nitamwambia mimi."

Barua ya Bi Zulfa niliisoma nikiwa nimesimama chumba cha gavana. Nilisema nitakupa jioni. Jioni ulikuja ukaanza kulia kuhusu ule ugomvi, nikaona kwamba ukijua hutanichukia mwaka mmoja, utanichukia mpaka tufe, na hakuna mtu wa nyumba yetu atakayeniita mjomba tena. Nikaitia kwenye droo ya meza ya gavana. Pameandikwa usiguse. Nimewashika mikono wageni kwa miaka mitatu na nusu, wakidhani nalinda mbao.

Leo nimeifungua. Funguo nimezirudisha ofisini, wamenipa ruhusa ya wiki moja, sijui kama nitazichukua tena. Sanda ninayo. Ussene amekodi gari, hajasema nami neno tangu nilipomwambia, ila ameniachia nafasi ya kukaa. Barua naja nayo. Nitaisoma mbele ya watu wote, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kisha nitashuka. Kama ukiona nisipandishwe kwa mkono wako, waambie wengine wanivute.

Rabia amempaka Muanema musiro na kumvalisha shanga ulizomtumia. Tumemwambia tunakwenda kwa mama yake, na kwamba mama yake alifariki, yuko ardhini chini ya mti.  Halafu akanishika kidole, akaniuliza, "Mama anajua tunakuja?"



Issufo